Oda Niliyoisahau

Hisa za Rautajoki hazina msongamano.
Si kama zile za mabenki, ambazo ukiuza shehena nzima
maji hayatikisiki.
Hizi ni ngazi kuukuu ya mbao, vipandio vinne,
na kati ya kipandio na kipandio, hewa.

Jumanne asubuhi, Timmins,
baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Wanunuzi kwenye skrini walipangika hivi:
mmoja ataka mia sita kwa senti arobaini na moja,
mwingine elfu moja kwa thelathini na tisa,
mwingine mia nne kwa thelathini na sita,
kisha pengo,
kisha mimi, chini kabisa,
elfu mbili kwa thelathini na moja,
oda niliyoiweka Oktoba kwa mzaha
kama ndoo iliyoachwa uani, nikaisahau.

Saa nne na dakika kumi mtu akauza elfu nne.
Hakutaja bei. Alisema tu: uza.
Wa kwanza akashiba. Wa pili akashiba. Wa tatu naye,
na mzigo ukali mkononi,
ukaporomoka hewani hadi ndani ya ndoo yangu.
Simu ikalia: umepata.

Nikeli chini ya theluji ililala kama ilivyolala jana,
haina habari kwamba imepoteza karibu robo ya thamani
kabla kahawa yangu haijapoa.
Lakini watu waliuona wekundu.
Wakaulizana, huyu kajua nini?
Wawili wakauza kwa thelathini,
wakimkimbia mtu aliyekwisha kwenda zake.

Kesho yake mtu akanunua hisa mia mbili
kwa arobaini na mbili,
fedha ya jozi moja ya buti,
na Rautajoki ikawa imepaa asilimia arobaini.

Ijumaa, kwenye klabu ya kusukuma mawe barafuni,
Aili Rautio, muuguzi mstaafu, alifuta miwani akasema
tanuri la nyumba lilikufa usiku wa Jumatatu.
"Nikauza vile vikaratasi vya marehemu Eino.
Na siku ileile niliyouza ndiyo vikaanguka!
Mimi nina mkosi."

Aili,
havikuanguka ukauza.
Uliuza, vikaanguka.
Dola mia mbili na arobaini zilimwagika njiani
kutoka kipandio cha juu mpaka changu,
na mimi nilikuwa nakunywa kahawa.
Kizuri chajiuza, tunaambiwa.
Aliyesema hivyo hakuwa na wanunuzi wanne tu,
wa nne akiwa ananuia mzaha.

Hayo sikuyasema.
Zamu yake ikafika. Akapiga goti, akaliachia jiwe,
kilo ishirini za jabali,
na vijana wawili wakalitangulia wakifagia, wakifagia,
likaenda mbali kuliko mkono wake ulivyokusudia.

Nikamuuliza kama tanuri jipya linapasha.
"Vizuri sana," akasema.