Pikseli Mbili za Kivuli

Mimi ndiye niliyekifuta kivuli.
Niliketi Tartu, ghorofa ya tatu, majira ya vuli,
nikavikwangua vitufe vyote vya programu ya dawa
hadi vikalala chali, bapa kama karatasi:
hakuna ukingo, hakuna mwinuko, hakuna mng'ao,
maneno ya buluu juu ya weupe, basi.
Urmas akasimama nyuma yangu, akashusha pumzi.
"Safi," akasema. "Safi kama maji."
Nami nikavimba kichwa.

Januari tukamwita Helve aje kuijaribu.
Miaka sabini na sita, koti la sufu,
viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa.
Kazi ilikuwa moja: omba tena dawa ya presha.
Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, nikihesabu sekunde.

Akagusa kichwa cha ukurasa. Kimya.
Akagusa mchoro wa chupa. Kimya.
Akagusa jina lake mwenyewe, taratibu,
kama mtu anayejipigia hodi nyumbani kwake.
Kimya.
"Samahani," akaiambia simu.

Neno *Omba* lilikuwa pale pale, chini ya kidole gumba,
limevaa sare ya maneno mengine yote.
Alilisoma kwa sauti, mara mbili.
Alilisoma kama mtu asomavyo tangazo,
si kama mtu ashikaye komeo.

Dakika nne na sekunde kumi na moja.
Triinu, aliyeketi naye, alikuwa amekatazwa kusaidia;
nikamwona ameikalia mikono yake.

Ndipo Helve akaiweka simu mezani.
"Mwanangu, humu kipi ni mlango na kipi ni ukuta?"
Hakukasirika. Alitaka kujua tu.
Akasimulia miaka kumi na tisa
kwenye mitambo ya simu kule Viljandi,
matundu mia mbili, kila tundu na mdomo wake wa shaba,
na jinsi usiku taa zilipozimika
alivyomuunganisha mkunga na mjamzito
kwa ncha za vidole, gizani, bila kukosea.
"Kitu kilichotaka kushikwa kilikuwa kinajitokeza," akasema.
"Hiki chenu kinajificha, halafu mjinga ni mimi."

Urmas aliandika kwenye daftari: *atazoea.*

Saa saba mchana nikatoka kutafuta supu.
Theluji ilikuwa inaanguka tangu alfajiri,
mawingu yameyakalia mapaa,
mwanga mweupe kama maziwa, usiotoka upande wowote,
na kila kitu laini, sawasawa, kimoja.
Safi kama maji.
Kidato cha mwisho cha ngazi sikukiona.
Mguu ulitafuta ardhi mahali ambapo ardhi haikuwapo
nikaanguka kifudifudi mbele ya kituo cha basi,
nikabaki pale, goti likiwaka,
theluji ikinipenya kwenye mkono wa koti,
nikiitazama ngazi niliyoishuka kila siku kwa miaka mitatu.
Haikuwa imehama.
Ilikosa kivuli tu.

Usiku ule nikarudisha pikseli mbili
za kijivu hafifu, chini ya neno *Omba,*
na mstari mwembamba ukalizunguka,
unene wa mdomo wa shaba, kwa kukisia.
Urmas akainamisha kichwa huku na huku.
"Inanuka uzee."
Nikamwambia goti langu linamsalimu.

Helve alirudi Machi. Sekunde sita.
Alibonyeza kwa nguvu zake zote,
hadi ukucha ukageuka mweupe,
akingoja kitu kizame, kilie, kirudi juu.
Kioo hakikuzama.
Akakitazama kidole chake, kisha ile simu.
"Bado kinadanganya," akasema,
"ila sasa kinadanganya kwa adabu."
Akaenda kuvaa viatu.