Mshika Mbili

Ofisi yetu iko juu ya duka la misumari, hapa Mbale,
dirisha moja linautazama Wanale,
la pili linautazama ukuta.
Saa mbili asubuhi Khaukha huigawa orodha ya wateja
kama mtu agawaye mkate wa harusi ya jirani:
elfu mbili na mia nne, nusu huku, nusu kule,
bila kuchagua sura, bila kupapasa pochi ya mtu.

Nusu ya kwanza barua pepe itawaambia: Kahawa mpya imewasili.
Nusu ya pili: Nambozo aliichuma hii Jumanne.
Kahawa ni ile ile. Bei ni ile ile.
Hata picha, gunia lililoegemea mlango, ni ile ile.
Badili kimoja tu, husema Khaukha,
ukibadili viwili hutajua kipi kilibisha hodi
na kipi kilifunguliwa.

Wahenga walituonya kwamba mshika mbili
moja humponyoka.
Hawakujua itafika siku watu walipwe mshahara
kwa kushika mbili makusudi
na kuketi, viganja wazi, wakingoja ipi iponyoke.

Saa nne Nambozo anaongoza.
Bwana Wamono anapiga meza, chai inaruka:
"Tumeshinda! Watumieni wote hiyo!"
Khaukha hainui kichwa.
"Arobaini bado si watu, mzee.
Malewa hayaonjwi kabla karanga haijaiva."
Mwezi jana ilikuwa hivi hivi na kitufe cha tovuti:
Nunua kilipaa asubuhi, jioni kikaanguka kifudifudi,
na Nionjeshe, kinyonge, rangi ya udongo,
kikatulipia kodi ya nyumba.

Saa sita umeme ukakatika.
Tukakaa gizani na namba zetu zisizoonekana.

Mimi kazi hii niliianza nikiwa na miaka kumi na miwili,
sikujua ina jina.
Baba alikuwa Jinja, kiwanda cha nguo.
Nikamwandikia barua mbili usiku mmoja
kwenye karatasi za daftari la hesabu.
Ya kwanza ilianza na karo: kiasi, tarehe,
mstari chini ya tarehe, mstari mwingine chini ya mstari.
Ya pili ilianza na ng'ombe:
amezaa, baba, ndama ana doa jeupe usoni,
mama anakohoa usiku, mvua imebeba daraja,
na karo nikaiweka mwisho kabisa, karibu na jina langu,
kama mgeni anayeketi karibu na mlango.
Moja nikampa kondakta wa basi.
Nyingine, shangazi Nabifo.

Baba akaja Ijumaa na nusu ya karo.
Hakutaja barua.
Alinawa mikono, akaenda zizini,
akasimama huko mpaka chai ikapoa.
Sikumwuliza. Sasa amelala chini ya migomba
na orodha yangu ilikuwa ya mtu mmoja,
na mtu mmoja hagawanyiki.

Umeme ukarudi saa kumi.
Waliofungua ya Nambozo: thelathini na moja kwa mia.
Ile nyingine: ishirini na nne.
Walionunua, pande zote mbili, karibu sawa,
jambo ambalo Bwana Wamono hakutaka kulisikia
akiwa amekwisha agiza soda.

Ndipo simu ikalia, kutoka Budadiri.
Nambozo mwenyewe, na upepo wa mlimani nyuma yake.
"Nimesikia jina langu limevuka mipaka.
Jambo jema. Sasa niambie, mwanangu,
jina langu lina uzito wa kilo ngapi?"

Nikamwambia nitamwandikia.
Khaukha akajifanya anafuta kioo.
Nimeandika: Kuhusu malipo yako. Nimefuta.
Nimeandika: Habari ya kahawa, habari ya magoti?
Nimefuta.
Kishale kinapepesa, kinapepesa,
na Nambozo ni mmoja.