Mlango Usiohitaji Mkono

Baba yangu, Ovidio Cardozo,
alifungua na kufunga milango miaka thelathini na mmoja
chini ya Buenos Aires,
katika yale mabehewa ya mbao yaliyotoka Ubelgiji
kabla babu hajazaliwa:
vioo vya kujitazamia kati ya madirisha,
taa za vikombe vya glasi zilizofumba jicho njiani,
wenye pochi wakazikumbatia,
wapenzi wakapata sekunde yao.

Mimi niliingia karakana nina miaka ishirini,
bisibisi mfukoni, nywele ndani ya kofia.
Nikajifunza kwamba treni hazifanani,
hata zikilala banda moja.

Behewa la mbao hulia.
Si mlio wa kuvunjika,
ni wa kitanda cha mzee anayegeuka usingizini.
Ukiligonga ubavuni huchelewa kujibu,
kama anayetaka kwanza kujua nani anauliza.

Yale mekundu yalikuja ya mitumba kutoka Tokyo,
wimbi jeupe limepita ubavuni.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni:
vibao vyao tuliviacha juu ya milango,
maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeyasoma.
Fundi Zulma aliapa kimoja kinasema
*usilalie bega la mtu usiyemjua jina.*
Yalikuwa na adabu, mekundu yale.
Breki ziliomba radhi kabla ya kushika.

Ya manjano, ya Madrid, sikuyapenda,
nisiseme uongo.
Nyaya zilifungwa mafundo na mtu mwenye haraka ya kwenda kula.
Yalitaka umeme wa juu, sisi tuna reli ya tatu;
mgeni akafika, tukavunja ukuta apate kupita,
halafu akalalamika kuna vumbi.

Kisha meupe ya China.
Baridi tumboni, sakafu isiyogugumia,
sauti ya mwanamke ikitaja vituo
bila kukohoa hata mara moja,
bila kusema *songeni jamani, mama huyu amebeba keki.*
Na milango inajifungua yenyewe.

Mimi si wa kuhubiri usiache mbachao.
Mbao huungua. Na vumbi la breki zile
bado linakaa kifuani mwa baba,
nalisikia usiku kupitia ukuta.

Siku ya kuyaaga ilikuwa Januari, lami inayeyuka.
Watu walipanda na kamera, na maua, na machozi;
mmoja akang'oa skrubu akaitia mdomoni.
Baba hakwenda.
"Nimeyapanda ya kutosha," alisema,
akaendelea kumenya chungwa.

Wiki ya tatu alikuwa na miadi ya macho.
Tukapanda jeupe, yeye amesimama karibu na mlango
ingawa viti vilikuwepo.
Kabla ya Plaza Miserere mwendo ukapungua.
Mkono wake wa kulia ukanyanyuka
ukaenda pale,
palepale, kimo cha nyonga,
palipokuwa na mshikio wa shaba,
ukashika hewa,
ukavuta.

Mlango ukafunguka.

Nilitazama viatu vyangu.
Nilidhani atacheka, au atalia,
sikujua lipi nilistahimili.
Nyuma yetu mtoto wa shule, begi zito kuliko yeye,
aliona mkono, aliona mlango,
akajumlisha alivyojua:
"Asante, babu."

Baba akakaa wima.
Akasogea pembeni nusu hatua,
ile nusu hatua niliyoijua tangu utotoni,
mgongo ukutani, kidevu juu,
macho yakihesabu watu wanaoshuka.

"Pita, mwanangu," alisema.
"Angalia mguu."

Akangoja wote washuke.
Mimi pia alinipitisha.
Mlango ukaanza kulia kengele yake ya kufunga
na yeye bado yumo ndani,
akitazama kulia, kushoto,
kama kuna mtu amebaki.