Anayelia na Aliyempiga

Taa ya njano imewaka tena, Batsuuri,
umeileta kama mtu aliyeamka na jino bovu,
kiganja shavuni.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umeikalia Ulaanbaatar
hata mlima umefutika.
Funga mlango. Kunywa chai, chumvi nimeshatia.

Napiga magoti, napapasa chini ya usukani:
tundu la pini kumi na sita.
Nachomeka kifaa, wewe washa.
Mwanamke wa ndani ya dashibodi
anatusalimu kwa Kijapani, kwa adabu,
kama alivyomsalimu mwenye gari wa kwanza huko Nagoya.
Mwaka wa nane huu,
hakuna aliyemwitikia.

Kioo kinaandika: P, sifuri, moja, tatu, tano.
Sensa ya oksijeni. Hita yake haipati moto.
“Ndiyo hiyo! Badilisha.”
Lakini uliibadilisha mwezi wa kumi kwa Ganzorig,
ukabadilisha tena kabla ya mwaka mpya,
na ile ya pili ulikopa kwa shemeji.

Nisikilize.
Kompyuta humtaja anayelia,
haimtaji aliyempiga.
Ni shahidi mkweli, ila alifungiwa chumbani:
alisikia kishindo, hakuona mkono.

Basi naufuata waya.
Tochi mdomoni, mita mkononi,
vidole vimeacha kuwa vyangu.
Hapa volti kumi na mbili.
Hapa kumi na mbili.
Hapa hakuna.

Rudi nyuma shibiri moja.
Umeona?
Kiota. Manyoya ya kofia ya mtu,
sufu iliyochunwa chini ya boneti,
na waya umeguguna hadi shaba,
na maganda, Batsuuri, maganda tele
ya zile mbegu za msonobari unazobangua
ukisubiri abiria pale stesheni.
Umemlipia panya nauli msimu mzima!
Kikulacho ki mfukoni mwako.

Sensa sikuuzii. Utanilipa waya wa shibiri moja
na saa moja ya magoti yangu.
Nalehemu, navika gamba, nafuta msimbo.
Usishangilie: kufuta si kutibu.
Zunguka mjini siku mbili, taa ikinyamaza, ndipo tucheke.

Unawasha. Yule mwanamke anasema lake.
“Za,” unamjibu, bila kufikiri,
kwa sauti ya mtu anayeambiwa avae koti.