Jina Lina Deni

Mama Cibalonza aliingia na mvua ya Nyawera mabegani.
"Ukurasa wa mume wangu haufunguki, Murhula.
Tangu juzi. Duara tu linazunguka."

Nikaanza pale tunapoanza wote: zima, washa.
Nikachomoa waya, nikaupuliza kama mbabula.
Taa ya kwanza ikakubali, ya pili ikakonyeza.
Nikajaribu simu yake, simu yangu, simu ya muuza maandazi.
Habari za mpira zikafunguka. Hali ya hewa ikafunguka
(mvua, ilisema, kana kwamba mabati hayajatuambia).
Ule tu ukakataa.

Sikutaka kuuliza. Nikauliza.
"Nani alikuwa analipia jina?"
"Jina gani?"
"La ukurasa. Hulipiwa kila mwaka."

Akanyamaza.
"Yeye. Kwa simu yake.
Mimi nilidhani nimemaliza yote:
kaburi, deni la Kadutu, karo ya mtoto.
Jina sikujua lina deni."

Picha zake zipo, nikamwambia, hazijafutwa:
maharusi wa Bagira, watoto wa komunyo,
wote wamekaa gizani kwenye mashine ya mbali,
nyumba iliyong'olewa namba mlangoni.

Akafungua fundo la kitenge.
Dola kumi na mbili. Moja imechanika pembe.
"Hii hawaipokei," nikasema,
nikaweka yangu.

Tukangoja. Duara likazunguka,
naye akalaza kiganja juu ya kioo,
polepole,
kama anayepima homa ya mtoto usiku.