Mchungaji wa Nyuma

Nimezaliwa ghorofa ya kumi na nne, Incheon,
ambako kondoo alikuwa picha ya ukutani
katika darasa la Jumapili: mweupe, ameoshwa,
amebebwa shingoni kama skafu.
Nikasoma miaka saba. Nikapewa joho, shahada,
na tiketi ya kuja huku Arvaikheer
kuwafundisha wafugaji uchungaji.

Februari. Jiko linakula mavi makavu ya ng'ombe
na bado wino unaganda kalamuni.
Wanafunzi kumi na mmoja. Walikuwa kumi na wawili;
Purevjav nilimtoa Januari, kwa pombe,
kwa barua yenye muhuri, hatua zote tatu zikafuatwa.

Nikaandika ubaoni: Mchungaji huwatangulia kondoo wake.
Soyolmaa akatafsiri, akakohoa, akatafsiri tena.
Dashnyam akainua mkono uliopasuka kwa baridi.
"Huwatangulia?"
Huwatangulia. Ndivyo ilivyoandikwa.
Mtu akacheka ndani ya kola yake.
"Mwalimu, hapa ukitangulia, mbwa mwitu anakula wa nyuma.
Sisi tunakaa nyuma, na kilema, na mwenye mimba,
na yule mtoro anayejifanya kiziwi.
Wa mbele njia wanaijua."
Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kwa Kiyunani.
Nikaligeuzageuza mdomoni kama kokwa,
nisipate pa kulitemea.

Aprili tukafunga darasa, kondoo wanazaa.
Nikamfuata Tserendulam hadi kambini kwake,
bibi wa wajukuu tisa, mhubiri wa mahema matatu,
ambaye katika mtihani wangu alipata alama thelathini na nane.
Kondoo jike alikuwa amemkataa mwanawe.
Kila kitoto kikisogea, anakipiga kichwa.
Mimi nikahesabu moyoni: onyo la kwanza, onyo la pili,
mashahidi, kisha kutengwa.
Yeye akaketi palepale, kwenye kinyesi na theluji chafu,
akampaka mtoto chumvi mgongoni,
akaanza kuimba: toig, toig, toig,
sauti ya chini, isiyopanda, isiyoshuka,
isiyokwenda kokote.
Nikatazama saa. Baadaye nikaivua, nikaitia mfukoni.
Jua lilihama upande mmoja wa hema hadi wa pili.
Toig, toig.
Yule mama akanusa chumvi. Akaramba.
Akageuza uso kama aliyeitwa na mtu mwingine,
kisha akasimama, miguu ameipanua,
na maziwa yakashuka.

"Unamwambia maneno gani?" nikauliza.
"Hayana maana."
Akajifuta mikono kwenye joho lake.
"Ukimpa yenye maana, anasusa."

Sasa ni Mei. Bodi ya Seoul imeleta fomu:
wangapi wamehitimu, wangapi wameacha, sababu.
Nimeiweka chini ya birika, imepata duara la chai.
Leo nimeazima pikipiki ya Dashnyam, nimefika
kwenye hema la Purevjav, ng'ambo ya kilima.
Mbwa amenibwekea mpaka akachoka.
Nimebisha, kimya. Nimeketi chini, nje ya mlango,
mgongo kwenye upepo.
Hotuba nimeiacha kwenye begi la pikipiki,
kurasa nne, zenye maana tupu.

Ninasema jina lake. Ninasema habari za nyasi,
za ule ubao ulioanguka, za Soyolmaa na kikohozi chake.
Kimongolia changu kinachechemea, kinaachwa nyuma,
nami nakaa nacho huko huko.
Ninasema jina lake.

Mlango haujafunguka.
Ila moshi uliokuwa mwembamba kwenye bomba
umeongezeka ghafla, umekuwa mweusi, mnene.
Kuna mtu ndani amechochea jiko.
Labda anasikia baridi.
Labda ameteleka chai.