Hesabu ya Nyumba Iliyobebwa

Tuliinunua pauni mia tisa
kwenye kambi ya karavani kando ya bahari, karibu na Aberaeron,
kuukuu, rangi ya maziwa yaliyolala,
futi thelathini na tano kwa kumi na mbili,
na Bi Mererid aliyetuuzia akatutupia mapazia bure.
Rhydian akanibana mkono: umeona?
Nikaona. Rahisi huvunja upishi,
lakini njaa ya nyumba haisikii methali.

Ina magurudumu mawili, karavani hiyo.
Usidanganyike. Ni kama meno ya dhahabu,
ya kuonyesha, si ya kutafunia mifupa.
Haiendi popote ila ibebwe.

Bwana Prosser alipokea simu huku anakula.
"Maili ngapi?" Arobaini na moja.
"Barabara ya mwisho?" Nyembamba.
"Nyembamba ya mtu wa mjini, au nyembamba kweli?"
Nikanyamaza. Akaongeza pauni mia
kwa ajili ya ule ukimya.

Daftari langu la jikoni, ukurasa wa Machi:
tela la chini na dereva wake, mia saba na themanini.
Gari la kutangulia lenye taa za manjano, mia mbili.
Bima ya siku moja, sitini na tano.
Kukata mabomba, kung'oa ngazi, na kadhalika;
hiyo na kadhalika peke yake, mia na ishirini.
Polisi walitaka tu kuarifiwa mapema.
Bure. Nikawapenda polisi.

Jumla sikuiandika siku ile.
Nilifunika daftari kwa sahani,
maana tulikinunua kitu kwa bei ya mbuzi,
tukakisafirisha kwa bei ya ng'ombe,
na ng'ombe mwenyewe ana mimba.

Siku ya kufika, mvua ilinyesha ya ubavu.
Lori likapanda kilima likihema,
ua wa miiba ukaikwaruza karavani toka kichwa hadi mkia.
Langoni likasimama.
Prosser akashuka na futi kamba. Akapima.
Akapima tena, kama anayengoja jiwe lione haya.
Shubiri moja.
Tulipungukiwa shubiri moja
kati ya nguzo mbili za mawe
alizozisimamisha babu yake Rhydian mwaka aliorudi vitani.

"Kungoja ni pauni arobaini kwa saa," akasema Prosser,
bila ubaya, kama anayetaja hali ya hewa.

Rhydian aliizunguka nguzo ya kushoto.
Akaigusa. Akaenda kukojoa nyuma ya ua. Akarudi.
Akampigia Ifor wa shamba la juu,
naye akaja na trekta na mnyororo, hakuuliza kitu.
Jiwe lilitoka kama gego,
kwa sauti ndefu ya matope,
na shimo likajaa maji papo hapo.
Ifor alikataa fedha. Alisema tu,
"Babu yako angenunua karavani ndogo."

Usiku, juu ya matofali ya zege,
imeinama kidogo upande wa jikoni
hata yai la kuchemsha likabingirika mezani,
niliona penseli kwenye mwimo wa mlango wa chumba kidogo:
Bethan, Agosti. Iolo, Agosti.
Bethan tena, juu kidogo.
Viangazi kumi na kimoja vya watoto wa watu
vilisafiri humo ndani maili zote zile
na Prosser hakututoza hata senti.

Nikafungua daftari.
Chini ya saa mbili za kungoja, themanini,
nikaandika: nguzo.
Mbele yake nikaacha wazi.
Rhydian akasoma begani kwangu, akachukua kalamu,
akafikiri, akanirudishia.

Nje, kiwanja chetu: vigingi vinne,
nyumba ya kamba, imelowa.

Prosser alipokuwa anaondoka alishusha kioo.
"Mkimaliza kujenga nipigieni, nije niiondoe.
Ila hiyo nguzo," akasema,
"msiirudishe kabla."